Kanda ya Majaribio

Alikuja Novemba, mvua ya Gdynia mabegani,
mwavuli kauacha mlangoni kama mgeni mwenye adabu,
akauliza: "Kijana, ipi kati ya hizi haina kelele?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na hotuba niliyoikariri.
Mistari elfu moja na themanini, mama,
ukimrekodi paka utahesabu sharubu zake.
Hii ina vihisi vitatu, kila rangi na chake;
ile ina kimoja, lakini gizani inaona kama bundi.
Hii nyingine kanda yake huingilia tumboni,
kila saa utaing'oa kwenye miguu yake mitatu
kama anayemvua mtoto viatu katikati ya safari.
Na zile za kadi, nikanong'ona, zinazometameta dirishani,
zisikuzuzue: huibana picha mpaka ikatoka jasho,
na kompyuta yako itapiga magoti kuifungua.
Kanda ni kanda. Utaiweka kabatini. Itakungoja.

Chema chajiuza. Mimi nilikuwa najitembeza.

Akaniacha niseme hadi nikaishiwa.
Kisha akavua glavu moja:
"Washa hii. Sasa nyamaza."

Jina lake Bogumiła Wrzesień.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la nyaya,
lile lenye pembe mbili zinazonyonya umeme angani,
na mota, alisema, huugua kwanza kwa sauti;
bisibisi hufuata baada ya sikio.
Akazisogeza shavuni, moja moja,
kama mtu anayechagua tikiti kwa kuligonga.
Akachomeka visikilizio vya duka
na mbele ya vyombo vyote vile vya kuonea
akafumba macho.

Ya bei ya juu: "Inakoroma."
Ya pili, haina tundu la kipaza sauti: "Kiziwi."
Ya tatu niliona haya hata kuitaja,
toleo la mwaka juzi, rangi ya sufuria,
imekwaruzwa ubavuni na mteja aliyeirudisha.
Hiyo aliishika muda mrefu.
Kidole gumba kilipapasa kifuniko cha kanda
juu ya kigurudumu kilichokuwa kikizunguka ndani,
taratibu, kwa heshima.

"Kaka yangu Zdzisław," akasema, hakunitazama,
"alikuwa mtangazaji wa uwanja wa mpira.
Watu elfu nane walimjua mfungaji kupitia koo lake.
Mei, kisu cha daktari kilipita hapo.
Kilichobaki ni upepo,
upepo wenye majina ndani yake.
Sura yake ninayo, picha sanduku zima.
Mashine ikinguruma juu ya upepo ule
nitakuwa nimenunua nini?"

Nikatafuta jibu kwenye katalogi. Halikuwamo.

Alilipa kwa noti zilizofungwa ndani ya leso:
kamera, kipaza sauti cha waya, kanda tatu za dakika sitini.
Rangi hakuuliza. Mistari hakuuliza.
Nikamtilia betri ya ziada mfukoni,
kwenye daftari nikaandika "imeharibika",
na bosi wangu, bwana Gniewomir, hajui mpaka leo.

Machi akarudi, bila mwavuli.
Sikuthubutu kuuliza.
"Zimekwisha," akasema. "Bado tuko mwaka sabini na nne,
kipindi cha kwanza, kona upande wa kushoto,
na yeye kila mchezaji lazima amtaje na mama yake.
Nipe kumi."

Duka lile sasa linauza vifuniko vya simu.
Lilipofungwa sikuchukua kitu
ila kanda ya majaribio, ile iliyokuwamo siku ile.
Huicheza mara chache, kanda huchoka.
Inaonekana kaunta, kiwiko changu, nusu ya kalenda,
kila kitu wazi kupita kiasi, hata vumbi lina kingo.
Na chini yake, dakika nzima,
mvua, friji ya soda,
na kijana fulani anameza mate
akijizuia kuuza.